Wazee wetu: ni miguu iliyochoka, au ni sisi tuliowakalisha?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunapenda tulitazame jambo ambalo kila mwaka hupita mbele ya macho yetu nasi hatulizingatii. Unapoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, misikiti yetu ya Usagara, Ngamiani, Makorora na Chumbageni hapa jijini Tanga hujaa wazee. Mzee ambaye mwezi wa Shaaban alikuwa akisema magoti hayamruhusu kufika hata dukani, huonekana akitoka kwake baada ya kufuturu, bakora mkononi, akienda msikitini na kusimama katika Tarawehe pamoja na vijana wa umri wa wajukuu zake. Huyafanya hayo usiku baada ya usiku, na mchana wake amefunga. Kisha mwezi wa Mfunguo Mosi ukiandama, mzee huyo hurudi barazani akakaa, na magoti yakaanza kuuma upya.

Je, magoti yalipona kwa mwezi mmoja kisha yakaugua tena? Hatukatai kwamba baraka za Ramadhani ni kubwa, wala hatukatai kwamba maradhi ya uzee ni ya kweli. Lakini jambo hili linatufundisha kwamba utayari wa mtu mzima kuushughulisha mwili wake hautoki katika miguu peke yake. Sehemu kubwa hutokana na nia aliyo nayo, watu walio pamoja naye, na njia anayoipita. Na mambo hayo, ndugu zangu, kwa kiasi kikubwa yamo mikononi mwetu sisi watoto, wajukuu na majirani.

Uzee ni amri ya Mola

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Surat Rum, aya ya 54, kwamba ametuumba katika udhaifu, akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Hakuna awezaye kulipinga hilo. Mwenye kutafuta dawa ya kuuondoa uzee anatafuta kisichokuwepo.

Hata hivyo, katika dua za Mtume (s.a.w.) zilizopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik, tunamkuta akijikinga kwa Mola wake na kutoweza, na uvivu, na udhalili wa ukongwe. Wanavyuoni wameeleza kwamba kutoweza ni pale uwezo unapokosekana, ama uvivu ni pale uwezo upo lakini nafsi haiinuki. Tofauti hii ni muhimu sana katika mazungumzo yetu ya leo. Wako wazee ambao kweli hawawezi, na hao wana udhuru mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu. Lakini wako wengi ambao uwezo wangali nao, isipokuwa hakuna kinachowainua; nasi tumewachanganya wote katika kundi moja na kuwaambia, “Wewe pumzika tu, umri umekwenda.”

Tutazame mwenendo wa Mtume (s.a.w.) alipofikia utu uzima. Bibi Aisha (r.a.) ametupokelea, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba umri ulipomwelemea alikuwa akisoma Qurani katika sala ya usiku hali ameketi, zikibakia aya kama 30 au 40 husimama akazisoma wima, kisha akarukuu. Hakujilazimisha kusimama muda wote, wala hakuacha kusimama kabisa. Alibakisha sehemu aliyoiweza. Tukimfundisha mzee wetu jambo moja tu, basi na liwe hili: kisichowezekana chote kisiachwe chote.

Yale yanayomwinua mzee

Turudi kwa yule mzee wa Ramadhani, tujiulize ni kitu gani kilichomtoa kitini. Tukichunguza tutaona mambo manne.

La kwanza ni nia. Mzee haendi Tarawehe kufanya mazoezi, anakwenda kumwabudu Mola wake. Ukimwambia mtu wa miaka 70 azunguke uwanja wa Mkwakwani mara kadhaa ili apunguze mafuta mwilini, atakuona humheshimu. Lakini mwambie akamzuru mgonjwa, akasindikize jeneza, akaamue ugomvi wa wanandoa wa mtaa wa pili, utamwona anatafuta viatu. Watu wazima huinuliwa na shughuli yenye maana, tena yenye thawabu.

La pili ni wenzi. Katika Ramadhani kuna anayempitia, kuna anayemngoja mlangoni, na asipoonekana usiku mmoja kuna atakayeuliza. Miezi mingine hana wa kumwuliza.

La tatu ni wakati maalumu. Tarawehe ina saa yake. Jambo lisilo na saa huahirishwa leo, likaahirishwa kesho, mwisho likasahauliwa.

La nne ni njia. Usiku wa Ramadhani mitaa ina watu, maduka yako wazi, taa zinawaka, na vijana wako barazani tayari kumshika mzee mkono. Siku nyingine njia hiyohiyo ina giza, mtaro ulio wazi, mchanga na matofali ya mwenye kujenga yaliyomwagwa njiani, na bodaboda inayopita mbio. Hapo mzee mwenye akili timamu atachagua kubaki nyumbani, naye hana lawama.

Mtume (s.a.w.) amekwisha kutupa mafunzo katika yote haya. Ukoo wa Banu Salima, waliokuwa wakikaa mbali na msikiti wa Madina, walitaka kuhamia karibu yake. Habari ilipomfikia, kama alivyopokea Muslim, aliwaambia wabaki katika majumba yao, kwani nyayo zao zinaandikwa. Tazama jinsi alivyougeuza umbali ukawa neema! Hakusema njia si ndefu. Aliwafahamisha kwamba kila unyayo una hesabu yake njema. Na yeye mwenyewe alikuwa akienda msikiti wa Quba kila Jumamosi, mara kwa miguu na mara akiwa amepanda mnyama, kama alivyopokea Ibn Umar. Ama kuhusu njia, amekuhesabu kuondosha chenye kudhuru barabarani kuwa ni sehemu ya imani. Basi anayemwaga kokoto mbele ya nyumba yake mwezi mzima na ajue kwamba amewafungia wazee wa mtaa mlango wa msikiti.

Mapenzi yanayokalisha

Hapa tunafika mahali penye uzito, na tunaomba watoto wema watusikilize kwa makini, kwa kuwa maneno haya yanawahusu wao kuliko watoto waovu.

Mtoto mwema akipata uwezo, jambo la kwanza analotaka ni mzazi wake apumzike. Humnunulia kiti kizuri, humwekea televisheni, humwajiria msichana wa kazi, na kila aendako humwitia bajaji. Mama akishika ufagio hunyang’anywa. Baba akitaka kwenda sokoni huambiwa, “Baba, sisi tupo kwa kazi gani?” Jirani akimwona mzee anabeba kikapu husema watoto wake wamemtupa. Kwa hiyo mtoto hufanya hima zaidi, mzee asionekane akifanya lolote.

Nia hiyo ni njema na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Kazi nzito ni ya kijana; hata mabinti wawili wa Madyan, katika Surat Qasas, aya ya 23, walikwenda wenyewe kuwanywesha wanyama kwa kuwa baba yao alikuwa mzee sana. Lakini kumpunguzia mzigo ni jambo moja, na kumpokonya kila kazi ni jambo jingine. Mwili usiotumika hudhoofika, na mwili wa mtu mzima hudhoofika upesi zaidi. Misuli ya mapaja hupungua, viungo hukakamaa, pumzi hukatika kwa mwendo mdogo. Mwaka wa kwanza huacha kwenda sokoni, wa pili huacha msikiti, wa tatu hushindwa kuinuka chooni bila ya kushikwa. Hapo tunasema uzee umemwingia, kumbe sehemu ya uzee huo tumeitengeneza kwa mikono yetu, kwa mapenzi. Wahenga walisema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Isitoshe, tunamwondolea jambo kubwa kuliko misuli. Mzee aliyezoea kuamka, kumwagilia mti wake, kununua samaki wake na kuwapatia wajukuu, anajiona bado ni mtu mwenye kuhitajiwa. Ukimnyima hayo, ataanza kujiona ni mzigo. Huko Marekani, mtafiti Becca Levy na wenzake walitangaza mwaka 2002 matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika mji mmoja wa jimbo la Ohio. Waliokuwa na fikra njema juu ya uzee wao waliishi kwa wastani miaka 7 na nusu zaidi ya wale waliouona uzee kuwa ni kuharibika tu. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, naye ndiye aliyejaalia sababu. Basi tuangalie maneno tunayowaambia wazee wetu kila siku, maana mzee huyaamini.

Hofu ya kuanguka

Sababu nyingine inayowakalisha wazee, nao huona haya kuitaja, ni hofu ya kuanguka. Mzee akianguka mara moja, au akisikia mwenzake amevunjika nyonga, huanza kuhesabu kila hatua. Hupunguza kutembea ili asianguke. Kwa kupunguza kutembea miguu hulegea na uthabiti hupotea. Na kwa kulegea huko hatari ya kuanguka huzidi. Ndivyo hofu inavyozaa kile kinachoogopwa.

Hofu hii haitibiwi kwa kukaripia wala kwa kucheka. Hutibiwa kwa kuiondoa sababu yake. Tuangalie nyumba zetu: mkeka unaoteleza juu ya saruji, kizingiti kirefu, choo kisicho na taa wala mahali pa kushika, sakafu ya bafu yenye utelezi, kandambili zilizokatika. Ubao mmoja wa kushikia na taa moja vinaweza kumrudishia mzee ujasiri ambao maneno elfu hayawezi. Pia macho yake yapimwe, na dawa anazotumia ziangaliwe na tabibu, maana ziko zinazoleta kizunguzungu.

Mama zetu

Akina mama wazee wana vizuizi vyao zaidi ya hivyo. Wengi huona haya kuonekana wakitembea bila ya shughuli, wakichelea maneno ya watu. Wajane nao, katika baadhi ya nyumba, hukalishwa ndani muda mrefu hata baada ya eda kwisha, ilhali eda ya mfiwa asiye mjamzito imewekwa mpaka wake katika Surat Baqara, aya ya 234, kuwa ni miezi minne na siku kumi. Haikuwekwa iwe kifungo cha maisha. Stara haimkatazi mama kutembea asubuhi pamoja na wenzake kwenda darsa, kumjulia hali mzazi au kuwazuru jamaa. Darsa za akina mama katika mitaa yetu ni neema kubwa: zina nia, zina wenzi na zina wakati. Kilichobaki ni sisi tusiwapakie kwenye bajaji kwa mwendo wa dakika kumi.

Wasemavyo matabibu

Asidhani msomaji kwamba haya ni ya anasa. Utafiti wa kiharusi uliofanywa wilayani Hai na jijini Dar es Salaam baina ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiharusi kipya mjini kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha kijijini Hai. Sababu zake ni nyingi, na ya mbele kabisa ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Lakini kuushughulisha mwili ni miongoni mwa njia zinazosaidia kulishusha. Tanga yetu ilisifika kuwa mji wa baiskeli, na wazee wengi wa leo ni watu waliokanyaga baiskeli kwenda kazini bandarini, viwandani na katika mashamba ya mkonge. Walipostaafu kazi, baiskeli nazo zikastaafu.

Na je, mzee aliyekwisha kulegea anaweza kunufaika? Mwaka 2014 yalitangazwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89, waliokuwa wakikaa zaidi kuliko kutembea. Nusu yao walifundishwa kutembea kwa utaratibu pamoja na mazoezi mepesi ya miguu na ya uthabiti. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya afya. Baada ya miaka miwili na zaidi, walioshindwa kutembea mita 400 walikuwa takriban 30 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na zaidi ya 35 kwa kundi la pili. Si muujiza, lakini kwa yule aliyebaki akienda msikitini kwa miguu yake, tofauti hiyo ni dunia nzima.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaoongeza pumzi lakini hauzuii mazungumzo. Kwa wenye miaka 65 na zaidi linaongeza mazoezi ya nguvu na uthabiti siku tatu au zaidi katika wiki. Tufanye hesabu. Mzee ambaye msikiti wake uko mwendo wa dakika 6, akienda na kurudi kwa sala mbili tu kila siku, ametembea dakika 24. Kwa wiki ni dakika 168. Sunna ni kuiendea sala kwa utulivu bila ya kukimbia, basi akitaka kuongeza mwendo na aongeze wakati wa kurudi. Asiyeyafikia hayo na afanye anachokiweza, kwani kidogo ni bora kuliko hakuna.

Wepesi wa sheria

Pamoja na hayo, tunatahadharisha wasije wakatokea vijana wa kuwaburura wazee wao kwa hoja za makala hii. Anas (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akitembea huku akishikiliwa na wanawe wawili. Alipouliza, akaambiwa kuwa ameweka nadhiri ya kutembea. Akasema kuwa Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyo kuiadhibu nafsi yake, akamwamuru apande mnyama. Mwenye maumivu ya kifua, pumzi kukatika asipofanya kitu, au kizunguzungu, amwone daktari kwanza, hapo Bombo au kituo kilicho karibu naye.

Ama viti ndani ya misikiti, hukumu yake iko wazi. Imran bin Husayn (r.a.) alipokuwa mgonjwa aliambiwa na Mtume (s.a.w.) aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu, kama alivyopokea Bukhari. Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza. Basi mwenye udhuru akae wala asione haya, na asiwepo wa kumsimanga. Lakini anayeweza kusimama huku kusujudu kukamshinda, na asimame pale anapoweza, kisha akae pale anaposhindwa. Kiti kiwe msaada wa yale yaliyoshindikana tu.

Tufanye nini?

Kwanza, tumuulize mzee anataka nini badala ya kumwamuru. Mmoja anapenda bustani, mwingine soko, mwingine ufukwe wa Raskazone asubuhi. Pili, tumwachie kazi yake moja nyumbani, iwe yake, hata kama wewe ungeifanya kwa haraka zaidi. Tatu, kila nyumba imchague mjukuu wa kwenda naye msikitini walau sala moja kwa siku. Mjukuu atapata adabu na hadithi za zamani, na babu atapata mkono wa kushika. Nne, maimamu na kamati za misikiti waangalie ngazi, taa, sehemu ya kutawadhia na njia ya kuingilia, na wawe na watu wa kumuulizia mzee asiyeonekana kwa siku tatu. Tano, wazee wenyewe wanaokutana barazani kwa kahawa na bao wapange siku mbili au tatu za kulianza baraza lao kwa kutembea, wakimzuru mgonjwa mmoja kisha warudi kwenye kahawa yao.

Na kwa mzee ambaye maradhi yamemshinda kabisa, tunampa bishara. Amepokea Bukhari kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na mkazi. Basi kila hatua anayoitembea leo anajiwekea akiba ya siku ambayo hataweza kutembea.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu katika Surat Israa, aya ya 23 na ya 24, ametuamuru kuwatendea wema wazazi wanapofikia uzee na kuwainamishia bawa la unyenyekevu. Wema huo hautimii kwa kiti na mto peke yake. Jioni ya leo ukimkuta baba au mama ameketi, mpe shikamoo, kisha mwombe akusindikize mpaka mwisho wa mtaa. Usimwambie ni mazoezi. Mwambie una jambo unataka ushauri wake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wazee wetu afya na mwisho mwema, atujaalie kuwa tulizo la macho yao, na asitutie katika udhalili wa ukongwe. Amin.

Wabillahi tawfiq.